Magunia ya Darasa la Saba

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana wahusika wote bado wanakula na kulala, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Tangulia. Usiitafute kwenye ramani. Wapo watakaokuapia kwamba wameipita kwa basi, na wengine watadai kwamba wamezaliwa humo na kodi wanalipia humo. Waache. Binadamu hupenda kujisifu.

Tangulia ilikuwa nchi inayowasikiliza wananchi wake. Nchi nyingine husikiliza mara moja kila miaka mitano, tena kwa haraka. Tangulia ilisikiliza kila mwezi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa Siku ya Maoni, na kila raia mwenye meno, haidhuru mangapi, alipewa karatasi yenye swali moja: "Kwa maoni yako, Serikali itangulize nini?" Chini ya swali palikuwa na mistari minne ya kujibia na kisanduku cha dole gumba kwa wale ambao kalamu iliwakataa.

Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo wananchi walijibu neno lilelile: elimu. Wakulima walisema elimu, mama lishe walisema elimu, wafungwa walisema elimu. Rais alifurahi mno. "Wananchi wametuonyesha njia," alisema, na ili kuhakikisha kwamba bado wanaonyesha kulekule, akaagiza waulizwe tena mwezi uliofuata.

Sasa, kuuliza watu wengi hivyo kulihitaji wanaojua kusoma na kuandika, kwa hiyo walimu wakatolewa shuleni wakafanywe wakusanya maoni. Kuhifadhi majibu nako kulihitaji majengo ya serikali yenye paa na mlango, na vijijini jengo la serikali lenye paa na mlango ni darasa. Waziri wa Vipaumbele, Mheshimiwa Daktari Daktari Chambuso Rweyo, aliyekuwa daktari mara mbili, mara ya kwanza kwa kusoma na mara ya pili kwa kutunukiwa, alilieleza Bunge hali ilivyo. "Mheshimiwa Spika," alisema, "tumeipeleka elimu mbele mpaka sasa haionekani tena kwa macho ya kawaida." Bunge liligonga meza kwa dakika kumi na mbili.

*

Shule ya Msingi Kisimakavu ilikuwa na madarasa saba na walimu kumi na mmoja. Walimu kumi walichukuliwa. Aliyebaki ni Mwalimu Siwatu Mbaruku, na alibaki kwa sababu siku ya kuandikishwa alikuwa amelala na malaria, na kabla jasho halijamtoka orodha ilikuwa imeshafungwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kuvuka uwanja wa mpira na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Hata harusini alikwenda nacho.

Madarasa sita yalikuwa yamejaa magunia ya maoni, na watoto wa madarasa hayo walikuwa nyumbani wakisubiri taifa limalize kusikiliza. Lilibaki la saba, watoto thelathini na wanane, na mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa wiki kumi mbele yao. Kwa miaka minne Kisimakavu haikuwa imetoa hata mtoto mmoja. Lakini mwaka huu Mwalimu Siwatu alikuwa na Nyamizi, mjukuu wa Bi Sichana muuza vitumbua, mtoto aliyegawanya namba kubwa kichwani huku akikuna mguu. Na nyuma ya Nyamizi palikuwa na wengine kumi hivi waliokataa kuachwa naye. "Mwaka huu wanatoka," mwalimu alijiambia kila jioni akiosha vyombo. "Hata kumi tu. Mwaka huu wanatoka." Alilitaka jambo hilo kwa namna iliyomtia aibu, kwa sababu alikuwa amezoea kutotaka kitu.

Jumatatu moja lori likaingia uwanjani. Akashuka Bwana Feruzi Makame, Afisa Maoni wa Kata, ambaye zamani alifundisha jiografia papo hapo Kisimakavu na alikuwa mtu mpole wa kusalimia hadi paka.

"Habari za kazi, Mwalimu?"

"Njema, Bwana Feruzi. Hiyo ni mizigo gani?"

"Maoni."

"Ya nani tena?"

"Ya tarafa nzima. Ghala la wilaya limejaa." Alitazama viatu vyake. "Magunia mia mbili na arobaini na mawili."

"Yanasemaje?"

"Ah, Mwalimu nawe! Hayajahesabiwa, nitajuaje? Ila kwa kawaida huwa yanasema elimu."

"Na mnayaweka wapi?"

Bwana Feruzi aliangalia mlango wa darasa la saba, ambapo watoto thelathini na wanane walikuwa wamejazana wakimchungulia, kisha akatoa mfukoni Waraka Namba Nne akausoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma dua ya marehemu anayemdai. Maoni ya mwananchi ni mali ya Taifa. Hayatupwi, hayachomwi, hayalowekwi, wala hayafunguliwi na mtu asiye Mhesabu. Atakayeyafungua bila kuwa Mhesabu atakwenda jela miaka miwili.

"Mtihani ni wiki kumi, Feruzi," Mwalimu Siwatu alisema. Kwa uchungu alisahau kumwita Bwana. "Wiki kumi tu. Yaacheni yalale nje."

"Mvua ikinyesha? Waraka unasema hayalowekwi."

"Na watoto?"

Afisa aliupitia tena Waraka, mbele na nyuma, kwa nia njema kabisa. "Watoto hawakutajwa," alisema.

*

Darasa la saba likahamia kwenye josho. Kwa asiyelijua, josho ni handaki la saruji ambamo ng'ombe walikuwa wakitumbukizwa kwenye dawa ya kupe. Josho la Kisimakavu lilikauka ng'ombe walipokwisha. Lilikuwa refu na jembamba, kwa hiyo watoto waliketi mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, na mwalimu alisimama upande ambao zamani ng'ombe walitokea. Aliyeketi mbele aliona ubao. Aliyeketi wa thelathini na nane aliona kisogo cha wa thelathini na saba, na somo lilimfikia kwa kupokezwa. Hesabu ya saba mara nane iliondoka mbele ikiwa hamsini na sita, na kuna siku ilifika nyuma ikiwa ndoa ya shangazi yake mtu.

Mwalimu Siwatu akaandika barua ya malalamiko. Kurasa mbili, mwandiko wa kupendeza, akaipeleka ofisi ya kata kwa mkono wake. Bwana Feruzi aliisoma yote amesimama, akatoa leso.

"Barua nzuri sana hii, Mwalimu. Imenigusa."

"Basi ipeleke juu."

"Naipeleka." Akaigonga muhuri mwekundu uliosema MAONI MAKALI, akafungua gunia jipya, akaitumbukiza humo peke yake, akafunga kwa kamba.

"Hayo si maoni. Ni malalamiko."

"Malalamiko ni maoni yaliyokasirika, dada yangu. Ndivyo Waraka unavyosema. Tena hayachanganywi na mengine, yasije yakayaambukiza. Kila lalamiko na gunia lake." Akaliinua gunia. "Ila sasa hapa ofisini sina pa kuliweka. Hata mimi mwenyewe nalala juu ya maoni ya mwaka juzi."

Jioni ile gunia lenye barua moja lilirudi shuleni, likawekwa katika ofisi ya walimu.

Bi Sichana alipopata habari alitupa upawa chini. "Mwalimu, wewe umeandika peke yako, ndiyo maana," alisema. "Mkono mmoja haulei mwana. Ngoja tuwaonyeshe." Akapita nyumba hadi nyumba, na vitumbua vyake siku hiyo vikaungua. Kufikia Ijumaa wazazi mia moja na hamsini walikuwa wamepeleka malalamiko kata, wengine wamejifunza kuandika kwa ajili hiyo tu.

Magunia mia moja na hamsini, kila moja na karatasi yake moja ndani, yaliijaza kwanza ofisi ya walimu. Yaliyobaki yaliijaza nyumba ya Mwalimu Siwatu, kwa kuwa nayo ilikuwa ya serikali na ina paa na mlango. Yeye akahamia jikoni. Alilala mguu mmoja umeegemea mafiga, akahisi kwamba kila akinyoosha mkono kujitoa ndipo anapojifunga zaidi, na tangu usiku ule akaogopa hata kuguna.

*

Sifa haijifichi. Kisimakavu ilikuwa kijiji cha kwanza katika Jamhuri kwa Maoni Makali, na Mheshimiwa Waziri akaja mwenyewe kukipongeza. Watoto walipangwa juani tangu saa mbili, na saa nane msafara ukaingia na vumbi lake. Palikuwa na matarumbeta, ngonjera, na kanga mpya zenye picha ya gunia zilizoandikwa UMESIKIKA. Mheshimiwa alivishwa taji la maua, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi ambazo mwananchi akilalamika anatupwa ndani. Je, hapa Tangulia nani ametupwa ndani?"

"Hakuna!"

"Yametupwa malalamiko tu! Tena ndani ya gunia safi, la katani, la viwango vya kimataifa!"

Matarumbeta yakalia. Kisha Mheshimiwa akasema anapokea swali moja kutoka kwa mwananchi wa kawaida, na kabla mwananchi wa kawaida aliyeandaliwa hajapata karatasi yake mfukoni, Mwalimu Siwatu alikuwa ameshasimama. Sauti ile ya kuvuka uwanja haikumwangusha.

"Mheshimiwa, magunia haya yataondoka lini?"

"Swali zuri sana! Yataondoka mara tu yakihesabiwa."

"Yatahesabiwa lini?"

"Mara tu tukipata Wahesabu. Nisiwafiche, ndugu zangu, Taifa lina upungufu mkubwa wa Wahesabu. Kwa kweli hatuna hata mmoja."

"Mhesabu anapatikanaje, Mheshimiwa?"

"Sifa ni ndogo tu. Awe amefika darasa la saba na anajua hesabu."

"Darasa la saba ni hili hapa. Linasomea kwenye josho."

"Hongereni sana!"

"Halina darasa, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Limejaa magunia."

Waliokuwa karibu walisema waliona kabisa wazo likimjia Waziri, likamfikia shingoni, likageuza. Katibu wake alimnong'oneza kitu. Mheshimiwa akainua mkono juu.

"Na hiyo ndiyo sababu, ndugu wananchi, narudia kusema: elimu kwanza!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, na wazazi walewale waliolalamika walijikuta wanapiga makofi, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea. Hata Mwalimu Siwatu alijikuta amepiga mara mbili kabla hajaishika mikono yake.

*

Mvua ilinyesha wiki tano kabla ya mtihani. Josho likajaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi lilifanana na josho. Watoto walisimama barazani wamelowa, wakichungulia dirishani magunia yaliyokaa makavu kwenye madawati yao.

"Mwalimu," Nyamizi alisema, "kwani yakihesabiwa yanaondoka kweli?"

"Ndivyo alivyosema Waziri."

"Si tuyahesabu sisi?"

Mwalimu Siwatu alifungua kinywa amkemee, akakifunga. Alifikiria miaka miwili ya jela. Alifikiria pia miaka minne ya kupeleka watoto kwenye mtihani na kuwarudisha kuchunga mbuzi, na hiyo ya pili ilimtisha zaidi. Alichukua kisu cha kumenyea viazi, akaingia ndani, akakata kamba ya gunia la kwanza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwa siku ishirini na mbili Kisimakavu ilikuwa na shule. Waliketi juu ya magunia na kati ya magunia, na kila mtoto alikuwa na rundo lake. Walijumlisha, wakatafuta wastani, wakachora grafu kwa mkaa ukutani. Sehemu na asilimia, ambazo kwenye josho ziliishia kwa mtoto wa tisa, sasa ziliwaingia wote, maana kila sehemu ilikuwa rundo la karatasi unaloweza kulikalia. Walisoma mwandiko wa kila aina ya mtu mzima. Karatasi nyingi zilisema "Elimu" tu. Nyingine zilikuwa na zaidi: "Elimu, kama nilivyosema mwezi wa pili." "Elimu. Pia daraja." "Elimu, lakini mbona mnauliza kama viziwi?" Kulikuwa na mmoja wa kule bondeni aliyeandika mistari yote minne kumsifu ng'ombe wake, na darasa likachukua nusu saa kukubaliana kumweka fungu gani. Walicheka hadi Mwalimu Siwatu akalia, na hakulia kwa kicheko tu. Alikuwa na furaha. Alikuwa amesahau kwamba kufundisha kunafurahisha.

Siku ya kumi na tano Nyamizi alisimama na karatasi mkononi. Ilikuwa na dole gumba la babu yake, aliyefariki mwaka jana wakati wa kupalilia. Chini yake mkusanya maoni alikuwa amemwandikia: "Elimu. Mjukuu wangu asome mpaka amalize. Nimemaliza na mimi."

"Naiweka fungu gani, Mwalimu?"

"La elimu, mwanangu."

Aliiweka, akaenda kusimama nje kwa muda. Hakuna aliyemcheka.

Hesabu ilipokamilika, karatasi zilikuwa elfu sitini na moja mia nne na nane. Zilizosema mvua zilikuwa mia moja themanini na tatu, daraja tisini na sita, na "niacheni" kumi na saba, pamoja na yule wa ng'ombe, ambaye ilionekana ndiko alikoelekea. Zilizobaki zote, elfu sitini na moja mia moja na kumi na mbili, zilisema elimu. "Asilimia tisini na tisa na nusu," alisema Nyamizi akikuna mguu, "na kidogo."

Mwalimu Siwatu aliandika taarifa kwa mwandiko wake bora, akampelekea Bwana Feruzi. Nywele alikuwa amezisuka upya, kwa kuwa kama ni jela basi aende nadhifu.

"Yamehesabiwa," alisema. "Njoo uyatoe darasani kwangu."

Bwana Feruzi alisoma ukurasa mzima, akaketi taratibu juu ya maoni ya mwaka juzi. "Nani kayahesabu?"

"Darasa la saba."

"Yote?"

"Mara mbili. Kwa uhakika."

Aliitazama taarifa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu anayefurahi. "Ningekuwa na akili," alisema, "ningeichana hii nikasema hukuja. Ila nayo ni maoni sasa, Mwalimu. Hayachanwi."

*

Siku ya nne yalikuja magari mawili. La kwanza lilikuwa lori, na wapagazi wakaanza kutoa magunia darasani, yote mia mbili na arobaini na mawili, kisha na ya ofisi na ya nyumbani kwa mwalimu. Mwalimu Siwatu aliyatazama yakipita na moyo ukamruka. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mtihani. Siku tisa ndani ya darasa, na ubao ambao hata wa nyuma anauona!

La pili lilikuwa basi, na halikuwa na abiria.

Bwana Feruzi alishuka na barua mbili. "Sikia, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wizara imekagua. Hesabu ni sahihi. Sasa inataka saini yako kwenye barua moja. Moja tu. Chagua mwenyewe, nchi yetu ina uhuru wa maoni."

Barua ya kwanza ilisema hivi: Mimi, mwalimu wa darasa, nathibitisha kwamba watoto hawa wanajua hesabu. Kwa kuwa wamefika darasa la saba na wanajua hesabu, wao ni Wahesabu wa Taifa, wa kwanza kupatikana tangu nchi ianze kusikiliza. Wataripoti makao makuu leo. Wamesamehewa mtihani, kwani anayeihesabu elimu hana haja ya kutahiniwa.

Barua ya pili: Mimi, mwalimu wa darasa, nathibitisha kwamba watoto hawa hawajui hesabu. Kwa hiyo si Wahesabu, na wamefungua mali ya Taifa kinyume cha Waraka Namba Nne, makosa elfu sitini na moja mia nne na nane. Kwa kuwa wao ni watoto, watafungwa wazazi wao.

Mwalimu Siwatu alizisoma zote mbili, akarudia, akatafuta ya tatu nyuma ya ile ya pili.

"Nifunge mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekata kamba. Na kisu ninacho, nakuletea."

"Niliwaambia. Wakasema wewe huwezi kufungwa. Mwalimu ni mmoja tu aliyebaki, na elimu ni kipaumbele."

"Wiki mbili, Feruzi. Wafanye mtihani, halafu mje."

"Wakifaulu watakwenda sekondari. Nani atahesabu?"

Wazazi walikuwa wameshafika, kwa kuwa basi tupu halijapata kuingia Kisimakavu. Wengine walikuwa wanashangilia. Mtoto amepata kazi ya serikali akiwa na miaka kumi na mitatu, tena ya makao makuu! Bi Sichana hakushangilia. Alisimama na beseni lake la vitumbua kichwani, akamtazama mwalimu.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Kuhesabu maoni, Bi Sichana. Ya nchi nzima."

"Na mtihani?"

Nyamizi akasogea mbele, akamkabili Bwana Feruzi kwa adabu zote.

"Shikamoo, Afisa. Magunia ya nchi nzima ni mangapi?"

"Marahaba. Ni laki tatu hivi, mwanangu."

Nyamizi akakuna mguu. "Sisi tulifanya kumi na moja kwa siku," alisema. Kisha akamgeukia mwalimu wake, kama alivyozoea kumgeukia kila alipomaliza hesabu, asubiri aambiwe vyema. "Miaka sabini na minne na miezi minane, Mwalimu. Bila kupumzika hata Jumapili. Kama wakiacha kuuliza leo."

Hesabu ilikuwa sahihi. Mwalimu Siwatu alijua kwamba angesema si sahihi, angesema tu huyu mtoto amekosea, ingekuwa ndiyo saini ya barua ya pili, na bibi yake aliyesimama pale na beseni angelala ndani. Alitaka kupiga kelele, na kelele ni maoni. Alitaka kukaa kimya, na wakati huo huo Bwana Feruzi alikuwa ameshaonyesha kwa kidole mstari wa mwisho kabisa uliosema kwamba kimya ni ridhaa kwa barua zote mbili.

"Vyema, Nyamizi," alisema. "Umepata."

Akachukua kalamu, akatia saini barua ya kwanza. Watoto wakapanda basi kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, kama walivyofundishwa kukaa kwenye josho. Bi Sichana aligawa vitumbua vyote dirishani, na vilipokwisha aliendelea kunyoosha beseni tupu hadi basi lilipoondoka.

*

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Siwatu alilifagia darasa. Hakuna aliyemtuma. Madawati yalikuwa yamerudi mahali pake, grafu za mkaa zilikuwa ukutani, na ubao aliupaka mkaa na majani ya viazi mpaka ukang'aa. Tangu aanze kazi hajapata kuwa na darasa zuri kama lile. Aliketi kwenye dawati la Nyamizi, mikono mapajani. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya mtihani na hakukuwa na wa kuufanya.

Bwana Feruzi alibisha hodi akiwa na karatasi moja.

"Samahani sana, Mwalimu. Ni Siku ya Maoni."

Alimwekea karatasi juu ya dawati. Kwa maoni yako, Serikali itangulize nini? Mistari minne na kisanduku cha dole gumba. Mwalimu Siwatu alipoanza kuandika hakuandika neno elimu. Aliandika majina, kwa herufi ndogo za kubanana, akianza na Nyamizi, kama anavyoyaita asubuhi kwenye mahudhurio. Mistari minne ilijaa, akageuza nyuma, akaendelea hadi la thelathini na nane. Kisha akamrudishia afisa.

Bwana Feruzi aliyasoma yote. Wengine aliwahi kuwabeba mgongoni wakiwa wachanga. Alipiga chafya ambayo haikuwa chafya, akatoa muhuri mwekundu, akagonga MAONI MAKALI, akatoa begani gunia jipya la katani, akaitia karatasi ndani peke yake, akafunga kamba vizuri.

Halafu akasimama nalo mkononi, akitazama huku na huku, mtu mpole asiyependa kumsumbua mwenzake.

"Kule ofisini hakuna nafasi, dada yangu," alisema. "Lakini naona humu pamebaki wazi."